Tuliyoyaona Singida: Kuku wa Mama na Riziki ya Halali

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaijua Singida kwa ulimi kabla ya kuijua kwa macho. Harusi inapokaribia, au mgeni wa heshima anapotarajiwa, husikika mama wa nyumba akimwambia muuzaji sokoni: "Nipe wa Singida, sitaki wa kisasa." Jina la mkoa mzima limegeuka kuwa jina la kuku. Nasi tuliokula kuku hao miaka mingi bila kuuliza wanatoka mikononi mwa nani, tuliona ni wajibu kwenda kuwatazama wanaowalea. Na wanaowalea, kama tulivyokuja kuthibitisha, ni akina mama wa vijijini.

Tulipanda basi alfajiri, tukalala Dodoma, na asubuhi yake tukaendelea na safari kuelekea magharibi. Ukishaipita Bahi na majaruba yake ya mpunga, barabara hukata tambarare ya Bonde la Ufa mpaka Kintinku, kisha huanza kuupanda ukuta wa bonde hilo hadi Manyoni. Hapo hewa hubadilika. Upepo huvuma bila kupumzika, na msafiri huelewa kwa nini wenyeji wa nyanda hizi hujifunga mashuka mabegani. Kutoka Manyoni barabara hugeukia kaskazini, ikapita Issuna na Ikungi, katikati ya mashamba ya mtama, uwele na alizeti. Kando yake yamejaa matale makubwa, jiwe juu ya jiwe, mengine yamesimama kwa namna ambayo mtu huogopa kupita chini yake. Mji wa Singida wenyewe umekaa baina ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, ambako heroe huonekana wakitembea majini kwa miguu yao mirefu.

Lakini hata kabla ya kuyaona maziwa, tulikuwa tumekwisha kuwaona kuku. Kila basi liliposimama, vijana walikimbilia madirishani wakiwa na majogoo mikononi, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Abiria waliotoa vichwa nje walibishana bei, wakawapapasa kifua, wakaulizana kama huyu ni kuchi au ana damu ya kuchi. Hakuna aliyetumia mizani. Kuku wa Singida huuzwa kwa jicho na kwa mkono.

Kwa nini kuku, na kwa nini mama

Mwenyeji wetu alikuwa familia moja katika kijiji cha Wilaya ya Singida, upande wa Ilongero. Hatutakitaja kijiji wala watu wake, kwa kuwa walitupokea kama ndugu na hawakutupokea ili waandikwe.

Nchi hii ina msimu mmoja tu wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kwisha mnamo Aprili, na baada ya hapo miezi hupita mbingu ikiwa kavu. Mkulima huvuna mara moja, na mavuno yakiwa mabaya, hana msimu wa pili wa kumfidia. Ng'ombe na mbuzi wapo, lakini kwa desturi ng'ombe ni mali ya mwanamume na ya ukoo. Hauzwi mpaka wakubwa wakae, na akiuzwa, fedha zake huwa zimekwisha kupangiwa kazi. Kuku ndiye mnyama ambaye mama anaweza kumshika, kumuuza na kuamua juu ya thamani yake siku hiyo hiyo, mtoto anapoumwa, chumvi inapokwisha au mwalimu anapodai daftari.

"Kuku ni pochi yangu," alituambia mama mwenye nyumba, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. "Tofauti ni kwamba pochi hii inatembea, inakula na inaweza kufa."

Neno hilo la mwisho hakulisema kwa mzaha. Mwaka uliotangulia alikuwa na kuku 41. Binti yake mkubwa alikuwa amechaguliwa kujiunga na kidato cha tano katika shule ya bweni ya mkoa wa mbali, na ijapokuwa serikali imefuta ada, shule haimpokei mtoto asiye na godoro, sanduku, sare na vifaa vyake, wala basi halimbebi bure. Mama alikuwa amekwisha kuwatenga majogoo kumi kwa kazi hiyo. Mwezi Juni, asubuhi moja, alimkuta kuku mmoja amejikunyata, shingo imepinda, akiharisha kinyesi cha kijani. Kufikia mwisho wa juma walikuwa wamebaki watatu. Ulikuwa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Binti alifika shuleni akiwa amechelewa wiki tatu, kwa mchango wa akina mama wanaosoma pamoja darsa la Jumatano.

Ugonjwa huu hauna tiba. Huletwa na kirusi, hushamiri zaidi nyakati za kiangazi, na ukiingia kijijini unaweza kufagia banda zima ndani ya siku chache. Ndiyo maana mama anayefuga kuku bila chanjo hafanani na mwenye akiba, bali anafanana na aliyeweka fedha zake mahali ambapo moto hupita kila mwaka.

Siku ya tone moja

Tulifika mwanzoni mwa Juni, alizeti ikivunwa, na siku yetu ya pili ikawa siku ya chanjo. Mchanjaji hakuwa bwana mifugo kutoka mjini. Alikuwa msichana wa kitongoji cha pili, aliyefundishwa kazi hiyo pamoja na wenzake wachache. Alikuja na kikapu ambamo kichupa kilikuwa kimeviringishwa kitambaa chenye maji. Chanjo hii, iitwayo I-2, mbegu yake ilitoka kwa watafiti wa Australia, na sasa hutengenezwa hapa nchini, Kibaha, na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Sifa yake kubwa ni kustahimili joto kuliko chanjo nyingine, hivyo hufika hata katika vijiji visivyo na jokofu, mradi isipigwe na jua.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuitazama. Mmoja humshika kuku na kumlaza ubavu, mwingine hudondosha tone moja katika jicho moja, husubiri kuku apepese, kisha humwachia. Jogoo mkubwa hupata tone moja, na kifaranga wa jana hupata tone lile lile. Baada ya miezi mitatu hurudiwa. Ugumu uko kwingine. Kichupa kimoja hutosha mamia ya kuku, na kikishafunguliwa hakiwekwi akiba mpaka msimu ujao. Mama mwenye kuku kumi hawezi kukinunua peke yake. Ama kijiji kizima kinachanja siku moja, kila mmoja akilipa shilingi 100 kwa kuku, ama hakuna anayechanja.

Na si kila mtu alitaka. Jirani mmoja, mjane, alisimama mlangoni pake mikono ameifunga kifuani. Alisema kuwa mwaka juzi alikubali, na siku ya tatu kuku wake wakafa wote. Msichana hakubishana naye. Alimuuliza kwa adabu: "Shikamoo, bibi. Siku ile, je, kulikuwa na kuku aliyekuwa amekwisha kuugua?" Bibi akanyamaza kidogo, akakiri kuwa walikuwapo wawili waliokuwa wamesinzia. Msichana akamweleza kuwa chanjo hulinda walio wazima na huchukua wiki moja au mbili kuupa mwili nguvu. Haimfufui aliyekwisha kuingiliwa na ugonjwa. Kuku wale waliuawa na mdondo uliokuwa umetangulia, si tone.

Bibi hakusema ndiyo. Aliingia ndani, akatoka na kuku watano, akawaleta uani. Tulijua, kwa kuwa tulikuwa tumewaona asubuhi, kwamba anao zaidi ya kumi. Msichana aliwachanja watano hao, akapokea shilingi 500, akamshukuru. Baadaye alitwambia: "Watano ni wengi. Mwakani atawaleta wote, inshallah, au wale watano watamsemea."

Elimu ya banda

Tulikaa siku nne, na tulijifunza kwamba kuku wa kienyeji hawajileti wenyewe kama tunavyodhani tulio mjini. Mtetea hutaga mayai kumi hadi kumi na matano, akayaatamia siku 21, na akaangua vizuri. Hasara kubwa huja baada ya hapo. Mwewe, kicheche, baridi ya usiku na njaa huwamaliza vifaranga kabla hawajaota manyoya. Mama wa zamani alihesabu kuwa katika kumi atabaki na watatu, akamshukuru Mungu.

Wenyeji wetu wameacha hesabu hiyo. Mitetea mitatu au minne inapokaribia kuatamia, huipanga ianze siku moja, vifaranga wakaanguliwa pamoja, kisha wote hupewa mama mmoja au wawili wa kuwalea. Waliobaki hurudi kutaga mapema. Vifaranga hufunikwa kwa tenga wiki za mwanzo, mwewe akazunguka juu na kuondoka mtupu. Chakula chao cha kwanza ni mchwa. Chungu hujazwa mabua na samadi yenye unyevu, hupinduliwa juu ya njia ya mchwa jioni, na asubuhi kikiinuliwa huwa kimejaa. Wakikua huongezewa pumba na mashudu ya alizeti kutoka kwenye mashine za kukamulia mafuta, na dagaa kidogo fedha zikiruhusu. Bandani hunyunyizwa majivu kwa ajili ya viroboto na utitiri.

Binti wa nyumba, ambaye alikuwa likizoni akijiandaa kurudi kidato cha sita, ndiye katibu wa banda. Katika daftari la zamani la hisabati amechora safu: walioanguliwa, waliokufa, waliouzwa, tarehe ya chanjo, tarehe ya chanjo ijayo. Kutoka kuku watatu waliobaki mwaka jana, daftari lilionyesha siku tuliyofika kuku wakubwa 34. Majogoo kumi yalikuwa na alama ya nyota pembeni. Hatukuuliza alama hiyo ina maana gani.

Jogoo wa wageni

Sasa tueleze jambo ambalo hatukulitarajia, na ambalo kwetu limekuwa funzo la safari nzima.

Usiku wa kwanza tuliandaliwa jogoo. Tulipouliza, tuliambiwa kuwa alifungiwa siku tatu akilishwa nafaka safi, tangu zilipofika habari za kuja kwetu. Tulifurahi kuona adabu hiyo ya wazee bado inaishi. Imepokewa kuwa Abdullah bin Umar, Allah amridhie, alikuwa akimfungia siku tatu kuku aliyekula uchafu kabla ya kumchinja, na kuku wa kienyeji kwa tabia yake hupekua kila mahali. Lakini furaha yetu ilichanganyika na haya. Tulikwisha kusikia habari za mdondo na za godoro, na tulijua kila jogoo katika ua ule ana kazi yake. Mkubwa katika sisi akaanza kusema kuwa haikuwa lazima, na kwamba tungetosheka na mlenda na ugali.

Baba mwenye nyumba akacheka. "Msiogope, wageni wetu," alisema. "Jogoo huyu si wa mama tena. Nimemnunua jana kwa shilingi 12,000. Mgeni ni wangu, na haki ya mgeni iko juu yangu. Kuku ni wake."

Tulidhani anatania. Mama akainamisha uso, kisha akathibitisha kuwa fedha amezipokea na zimeandikwa daftarini.

Haikuwa hivyo siku zote. Mzee mwenyewe alitusimulia kuwa zamani alikuwa akikamata kuku yeyote mgeni anapofika, na hata akauza wawili kulipa deni lake la mbegu bila kumwambia mkewe. Baadhi ya akina mama wa kijiji walikuwa wamekata tamaa kwa sababu hiyo hasa. Walisema, kuna faida gani kulea kitu ambacho mwenzako atakikamata ukiwa umekwenda kisimani? Suala likafikishwa msikitini, na imamu akalizungumza waziwazi baada ya swala ya Ijumaa. Akawakumbusha kuwa sheria yetu imempa mwanamke milki ya mali yake kamili, naye ndiye mwenye kauli juu yake. Chakula, mavazi na makazi ya familia ni wajibu wa mume, hata mke awe tajiri kuliko yeye. Kile ambacho mke anatoa kwa hiari yake nyumbani ni sadaka. Akawatajia habari ya Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, aliyetaka kujua kama sadaka yake inafaa kumpa mumewe na mayatima anaowalea, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akaeleza kuwa ana malipo mawili: ya kuunga udugu na ya sadaka.

"Nilipotoka msikitini nilihesabu kuku niliowakamata miaka yote," alisema mzee. "Sikuweza kuwalipa. Nikamwomba msamaha, nikaanza kununua."

Kikundi na soko

Akina mama 17 wa kijiji wana kikundi chao. Walikataa kuingia katika mikopo yenye riba, na badala yake wakakubaliana kukopeshana kuku. Mwanachama mpya hupewa mitetea miwili na jogoo mmoja. Wakishazaana, hutoa mitetea miwili na jogoo mmoja wa umri ule ule kwa mwenzake anayefuata. Hakuna nyongeza. Pia wanajiandaa kuomba mkopo wa halmashauri. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Kilichowakwamisha si kutostahiki, bali ni usajili na uandishi wa mpango wa biashara, kazi ambayo binti mwenye daftari ameanza kuwasaidia.

Sokoni ndiko bado wanakoumia. Mchuuzi huja na baiskeli yenye matenga mawili, na hujua fika nani ana mgonjwa na nani anadaiwa. Anayeuza peke yake kwa dharura hukubali bei yoyote. Jogoo anayeondoka kijijini kwa shilingi 12,000 tulimkuta baadaye Dar es Salaam akiulizwa kwa 25,000. Si faida yote ya mchuuzi, kwani kuna nauli, kuna ushuru, na kuna kuku wanaokufa kwa kubanwa safarini. Hata hivyo kikundi kimeanza kuuza pamoja siku moja ya mwezi, na mchuuzi anayekuta kuku 60 uani huzungumza lugha tofauti na anayekuta wawili.

Mama mmoja alituuliza kama kuku wana zaka. Tulimjibu kwa kadiri tulivyofundishwa na wanazuoni wetu: kuku hawamo katika wanyama wanaotolewa zaka kama ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Lakini anayewafanya bidhaa, na mali yake ya biashara ikafikia nisabu na kupitiwa na mwaka, huitolea asilimia mbili na nusu. Alitabasamu. "Basi niombeeni nifike huko," akasema, "niwe miongoni mwa wanaotoa."

Magharibi ya mwisho

Jioni yetu ya mwisho tulikaa uani jua likizama nyuma ya matale. Kuku walirudi mmoja mmoja kutoka mashambani, wakapanda ngazi fupi na kuingia bandani. Mama alisimama mlangoni, vidole vikihesabu kama mtu anayevuta tasbihi. Binti alisubiri na kalamu.

"Thelathini na watatu," alisema mama.

"Sawa," akajibu binti. "Mmoja ni wa wageni, kalipiwa."

Mlango ukafungwa, adhana ikasikika kutoka msikiti wa kijiji, nasi tukaondoka kwenda kutawadha.

Tumeandika haya kwa ajili ya wasomaji wetu wa mjini, ambao kesho wataagiza "wa Singida" sokoni. Msiseme bei ni kubwa kabla ya kukumbuka mwewe, mdondo na daftari lenye alama za nyota. Na kwa ndugu zetu wa kiume wa vijijini tunasema: kabla hujamkamata kuku aliyemo uani mwako, uliza kwanza ni wa nani. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awazidishie akina mama hawa riziki ya halali, awalinde na maradhi ya mifugo yao, na amfikishe binti yule shuleni kwa wakati.